Kujitolea Malawi kama afisa wa uwandani wa pampu za maji: mwongozo kamili kuanzia maombi hadi makabidhiano

Wengi wanaoomba nafasi hizi na kukosa hukosea mahali pamoja: wanatuma wasifu wa mhandisi wa ofisini kwa shirika linalotafuta mtu wa kushika spana kwa mkono mmoja na daftari kwa mwingine. Wanaopata nafasi nao wana kosa lao. Wanatengeneza pampu nyingi kwa haraka, wanapiga picha, wanarudi kwao, na kiangazi kinachofuata pampu zinanyamaza moja baada ya nyingine.

Mwongozo huu ni wa mafundi na wahandisi wa maji wa Afrika Mashariki wanaotaka kukaa miezi sita hadi kumi na miwili katika shirika la uhandisi wa maendeleo nchini Malawi. Tumechagua Malawi kwa sababu mbili. Ni karibu: basi la Dar es Salaam linapita Mbeya, linavuka mpaka wa Kasumulu na kushuka Karonga. Ya pili ni kwamba pampu ya mkono iliyoidhinishwa kwa visima virefu vya vijijini ni ya aina moja, Afridev. Ukiijua hiyo, unaweza kufanya kazi katika wilaya yoyote.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Nyaraka

- Pasipoti yenye uhai wa angalau miezi sita baada ya tarehe ya mwisho ya mkataba.
- Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa. Tangu Julai 2016 chanjo moja inatambuliwa maisha yote, kwa hiyo usikubali kulipia nyingine kwa sababu tu kadi yako ina zaidi ya miaka kumi.
- Cheti cha tabia njema kutoka polisi (Kenya hutolewa na DCI, idara ya upelelezi wa jinai). Kiombe kabla hata hujapata nafasi, kwa sababu ndicho huchelewesha safari.
- Usajili wa taaluma kama unao: ERB kwa Tanzania, EBK kwa wahandisi wa Kenya, KETRB kwa mafundi sanifu wa Kenya.
- Leseni ya udereva yenye daraja la pikipiki. Bila pikipiki, vijijini utakuwa mgeni wa kusubiri lifti.
- Wadhamini wawili. Mmoja lazima awe aliyekusimamia fildi. Mwalimu wa chuo peke yake hatoshi.

Vifaa vya kazi

Shirika likikupa hivi, vizuri. Lisipokupa, ulizia kabla ya kusafiri.

- Tepu ya kupimia kina cha maji kisimani, mita 100, yenye kengele au taa.
- Ndoo ya lita 20 uliyoihakiki mwenyewe. Ndoo nyingi za dukani zinazoitwa za lita 20 hazijazi 20. Pima kwa chupa ya lita moja, kisha chora mstari kwa wino usiofutika.
- Spana za milimita 19, mbili.
- Kifaa cha kuvulia vali ya chini (ile inayozuia maji yasirudi kisimani). Mara nyingi fundi wa eneo anacho.
- Mita ya chumvichumvi (hupima upitishaji wa umeme ndani ya maji) na maji yake ya kuisawazishia.
- Vifuko vya kupimia bakteria wa kinyesi, mililita 100 kila kimoja.
- Msasa, gundi ya PVC, turubai safi la mita 3 kwa 4.
- Daftari la jalada gumu na penseli. Wino ukilowa unaondoka na vipimo vyako.

Vipuri vya pampu moja ya Afridev

Sili ya umbo la U moja, bobini (vizibo vya vali) mbili, oringi (pete ya mpira) moja, seti kamili ya bushi za mpini, na fito moja ya akiba (fito ni vyuma virefu vinavyounganisha mpini na plunja, pistoni iliyo ndani ya kisima). Fito ya akiba husahaulika, halafu siku ya kazi inagundulika iliyomo kisimani imelika na kubaki nyembamba kama msumari.

## Hatua ya 1: Soma mkataba kabla ya kufurahi

Kujitolea si kufanya kazi kwa hasara. Shirika la kweli hulipa nauli ya kwenda na kurudi, viza na kibali, malazi, posho ya kujikimu na bima. Kwenye bima tafuta maneno mawili: ajali ya pikipiki na kuhamishwa kwa matibabu. Bima nyingi za bei nafuu huiondoa pikipiki kwa herufi ndogo ukurasa wa mwisho, na hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote utakazokutana nazo.

Uliza pia kwa maandishi: nani msimamizi wangu Malawi, nani analipia mafuta ya pikipiki, na nifanye nini mafuta yakikosekana nchini. Swali la mwisho si la mzaha. Malawi imepitia vipindi virefu vya uhaba wa mafuta, na mpango wa kazi usio na nafasi ya siku za foleni ni mpango wa karatasi.

Tahadhari: Anayekutoza ada ya usajili au ya mafunzo ili upate nafasi ni tapeli. Mpango wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa, kwa mfano, hautozi mwombaji chochote.

Utajua umefanikiwa ukiweza kusema kwa sentensi moja nani atalipa nini ukivunjika mguu kilomita 60 kutoka barabara ya lami.

## Hatua ya 2: Andika maombi yenye vipimo

Anayesoma maombi anatafuta namba. Linganisha sentensi hizi mbili.

"Nina uzoefu mkubwa katika miradi ya maji na kushirikisha jamii."

"Nimefungua na kufunga pampu 14 za mkono zenye kina cha mita 18 hadi 39, nimefundisha kamati sita za visima, na mbili kati yake zilibadilisha sili bila mimi."

Ya pili inaitwa kwenye usaili, hata kama mwandishi wake ana stashahada na si shahada. Kama hujawahi kufungua pampu ya mkono, usidanganye. Omba wiki mbili kwa fundi wa pampu au kwa wakala wa maji wa karibu nawe, fungua tatu, ndipo uandike.

Kwenye usaili hesabu huulizwa. Mfano: kisima kimoja, watu 400, pampu inatoa lita 15 kwa dakika. Inatosha? Piga hesabu kwa sauti. Lita 20 kwa mtu mara 400 ni lita 8,000 kwa siku. Lita 15 kwa dakika ni 900 kwa saa. Hizo ni karibu saa tisa za kusukuma bila kupumzika. Kwenye karatasi inatosha. Kisimani haitoshi, kwa sababu watu hawaji kwa zamu sawa. Wanakuja alfajiri na jioni. Kiwango cha Malawi ni watu 250 kwa pampu moja ya mkono. Viwango vya Sphere vinataja 500, lakini hivyo ni vya dharura, na ukivichanganya hivi viwili mbele ya jopo umejiharibia.

## Hatua ya 3: Kibali na afya

Viza ya utalii haitoshi kwa kazi hii. Acha shirika liombe kibali na usivuke mpaka kabla hujaona nakala yake.

Malaria ipo mwaka mzima, kwa hiyo zungumza na daktari kuhusu dawa ya kinga wiki kadhaa kabla ya safari. Ziwa Malawi lina kichocho. Ukioga ziwani, mwambie daktari ukirudi. Plagi za umeme ni zilezile za Kenya na Tanzania, na magari hupita kushoto.

## Hatua ya 4: Wiki mbili za kwanza, weka spana chini

Anza na ofisi ya maji ya wilaya. Hapo kuna orodha ya visima, na kuna wasaidizi wa maji wanaojua kila kisima kilichokufa na kilichokiua. Kisha chifu mkuu wa eneo, halafu mkuu wa kundi la vijiji, halafu mkuu wa kijiji. Ukiruka ngazi moja, kazi yako itakwama kwenye ngazi hiyohiyo, kimyakimya, bila mtu kukuambia kwa nini.

Sehemu za kati na kusini, miongoni mwa Wachewa, Wayao na Walomwe, ukoo na ardhi hufuata upande wa mama. Utakutana na machifu wanawake. Mume anayezungumza sana mkutanoni huenda ni mkwe aliyehamia, na neno la mwisho kuhusu eneo la kisima liko kwa dada wa ukoo walioketi nyuma. Mikutano ya wanaume pekee hutoa maamuzi yasiyodumu.

Jifunze Kichewa. Msemaji wa Kiswahili ana bahati: *madzi* ni maji, *anthu* ni watu, *mfumu* ni chifu. Lakini jihadhari na ndugu wanaofanana sura: *mudzi* ni kijiji, si mji. Pampu ya kisima kirefu huitwa *mjigo*. Salimia kwanza, *muli bwanji*, subiri jibu, ndipo useme shida yako. Hapo mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa.

Tahadhari kuhusu posho: Utaulizwa posho ya kikao. Jibu kwa viwango vya shirika lako tu, sawa kwa kila mtu. Ukilipa kijiji kimoja zaidi, cha pili kitajua kabla pikipiki yako haijafika.

Tena, kukiwa na msiba kijijini kazi husimama. Nenda msibani. Usiulize zege litamwagwa lini.

## Hatua ya 5: Pima kabla ya kufungua

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Watu hufika, huona pampu haitoi maji, hubadilisha sili, maji yanatoka, wanaondoka. Mwezi unaofuata ni yaleyale, kwa sababu tatizo halikuwa sili.

Mahali. Tumia nyuzi za desimali za WGS84, mfumo wa GPS. Malawi iko kusini ya ikweta, kwa hiyo latitudo ni hasi; ukisahau alama hiyo kisima chako kinahamia kaskazini ya ikweta. Ofisi ikitaka UTM (mahali kwa mita badala ya nyuzi), Malawi ni kanda ya 36 kusini, wakati simu iliyotumika Dar es Salaam au Mombasa mara nyingi imewekwa kanda ya 37. Ramani za zamani za Malawi hutumia mfumo wa rejea wa Arc 1950, si Arc 1960 ya Kenya na Tanzania. Tofauti hiyo inatosha kukupeleka kwenye kisima cha jirani.

Mtihani wa uvujaji. Sukuma hadi maji yatoke vizuri. Acha pampu ipumzike dakika 30, mtu asiiguse. Kisha hesabu mara ngapi unasukuma kabla maji hayajatoka tena. Zikizidi tano, maji yanarudi chini kupitia vali ya chini au kupitia ufa wa bomba.

Mtihani wa wingi. Sukuma mara 40 kwa dakika, mpini ukipanda na kushuka hadi mwisho, ndani ya ndoo uliyoihakiki. Silinda ya Afridev, ambamo plunja hupanda na kushuka, ina kipenyo cha milimita 50 na mwendo wa milimita 225, yaani lita 0.44 kwa kila sukumo. Arobaini ni karibu lita 17 na nusu kwa nadharia. Ukipata 15 pampu ni nzima. Ukipata 10, sili imelika au kuna uvujaji.

Mtihani wa kisima chenyewe. Endelea kusukuma kwa saa nzima, watu wakipokezana. Maji yakikatika kisha yakarudi baada ya kupumzika, pampu haina kosa. Maji kisimani yameshuka hadi kwenye silinda. Kiwango cha chini kwa kisima cha pampu ya mkono ni lita 0.25 kwa sekunde, yaani 15 kwa dakika. Kisichofikia hapo hakiponywi kwa vipuri.

Kina. Pampu ikishafunguliwa shusha tepu: andika kina cha maji yaliyotulia na kina cha sakafu ya kisima. Linganisha na kumbukumbu za wilaya. Kama kisima kilichimbwa mita 45 na wewe umegota 37, mita nane ni tope, na kinachohitajika ni kukisafisha kwa kompresa.

Majira. Mvua za Malawi hunyesha Novemba hadi Aprili, na maji chini ya ardhi huwa ya chini kabisa kati ya Septemba na Novemba. Kipimo cha Machi kitakudanganya kwa wema. Ukilazimika kupima masika, weka silinda chini kadiri kisima kinavyoruhusu (ikiwa bado ndani ya mita 45 za Afridev), kisha rudi upime Oktoba.

Ubora. Bonde la Shire ya chini, Chikwawa na Nsanje, lina visima vya chumvi. Maji yanaweza kuwa salama kwa bakteria na bado watu wakarudi mtoni kwa sababu chai haina ladha. Karibu na chemchemi za moto, upande wa Nkhotakota, pima floridi; ukomo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Usikarabati kisima ambacho watu walikiacha kabla hujajua kwa nini walikiacha. Waulize wanawake wanaochota, wao ndio walioonja.

## Hatua ya 6: Fungua pampu, na fungua pamoja nao

Afridev iliundwa ili wanakijiji waitengeneze bila winchi. Fito, plunja na vali ya chini hupita ndani ya bomba la kupandishia maji, kwa hiyo bomba hubaki kisimani. Usiruhusu mtu avute bomba kwa sababu tu ana haraka.

1. Tandaza turubai. Kila kitu kinachotoka kisimani kinalala hapo, si kwenye udongo. Udongo hupeleka bakteria chini, na punje moja ya mchanga inatosha kuichana sili mpya.
2. Fungua kifuniko, legeza nati za mpini kwa spana ya 19, toa mpini. Nati ziingie kwenye bakuli. Zikianguka kisimani hazirudi.
3. Vuta fito moja baada ya nyingine. Kila unapotenganisha mbili, mtu mmoja ashike ya chini kwa chuma cha kuzuilia, na asiiachie hata kupiga chafya. Hesabu kwa sauti, mweka hazina wa kamati ya kisima aandike. Fito ni za mita 3 hivi, kwa hiyo idadi yake mara tatu ni karibu kina cha silinda.
4. Plunja ikitoka, kagua sili ya U. Ikiwa laini na nyembamba ukingoni, badilisha. Badilisha na bobini.
5. Funga kifaa cha kuvulia mwisho wa fito, shusha, shika vali ya chini, vuta taratibu. Badilisha oringi na bobini ya pili.
6. Osha vyote kwa maji yenye klorini. Rudisha vali ya chini kwanza, isukume ikae, kisha plunja na fito.
7. Badilisha bushi za mpini zote kwa pamoja. Bushi moja mpya kati ya zilizochakaa hulika upesi.

Sasa usomaji wa dalili, kwa sababu fundi asiyejua kusoma dalili hubadilisha kila kitu kila mara.

Mpini mwepesi na hakuna tone: fito zimeachana au imekatika. Mpini unayumba kushoto na kulia: bushi. Maji huchelewa kila asubuhi: vali ya chini; ukishabadilisha oringi na bobini na bado yanachelewa, ufa uko kwenye bomba. Maji mekundu asubuhi yakisafika baadaye: fito za mabati zinalika kwa maji yenye tindikali, na dawa yake ni fito za chuma kisichoshika kutu. Mchanga ndani ya ndoo: chujio la kisima limeharibika, acha kupoteza sili.

Bomba likivuja ndipo litoke. Mara nyingi huvutwa zima, watu kumi wakilipokea kwa mstari huku likipinda. Muite fundi wa eneo asimamie. Viungo vya PVC hushindwa kwa uvivu wa dakika tano: piga msasa pande zote mbili, futa, paka gundi pande zote mbili, sukuma hadi mwisho, na usiweke uzito kabla muda ulioandikwa kwenye kopo haujaisha. Juni na Julai kuna baridi, uongeze muda huo. Kiungo kilichoharakishwa huachia baada ya wewe kuondoka.

Utajua umefanikiwa ukipumzisha pampu dakika 30 na maji yakatoka sukumo la kwanza au la pili, na waliofungua nati ni mikono yao, si yako.

## Hatua ya 7: Zege na mfereji

Zege la jukwaa la kuzunguka pampu ni 1:2:4, saruji, mchanga, kokoto. Mchanga wa mtoni uoshwe kama una tope. Mfereji uwe wa angalau mita 6, uishie kwenye bustani au shimo la kunyonya maji, na choo kisiwe ndani ya mita 30.

Mwagilia zege siku saba na lizungushie miiba, maana mbuzi hawasomi tangazo. Kabla ya kuchanganya ndoo ya kwanza, kubalianeni watachota wapi wiki hiyo. Usipofanya hivyo watakanyaga zege bichi, na hutawalaumu.

## Hatua ya 8: Kutia dawa kisimani

Kisima kilichofunguliwa kimeingiwa na uchafu. Piga hesabu hivi. Bomba la kisima lenye kipenyo cha ndani cha milimita 110 lina lita 9.5 kwa kila mita ya maji. Ukiwa na mita 30 za maji, hizo ni lita 285. Kwa miligramu 50 za klorini kwa lita unahitaji gramu 14 hivi za klorini, yaani gramu 20 za HTH, unga wa klorini wa asilimia 70.

Koroga unga kwenye ndoo ya maji, acha utulie, mimina maji ya juu tu kisimani. Pampu ikishafungwa, sukuma hadi harufu ya klorini itoke bombani, kisha funga mpini kwa mnyororo hadi asubuhi. Asubuhi sukuma na kumwaga hadi harufu iishe. Usimwage maji hayo kwenye bustani ya mtu.

Pima bakteria siku chache baadaye, si siku hiyohiyo. Klorini iliyobaki itakupa jibu zuri la uongo.

Tahadhari: HTH huchoma macho na mapafu. Miwani na glavu, na usiifungie kwenye begi moja na mafuta au nguo.

## Hatua ya 9: Kamati na pesa

Pampu hufa kwa kukosa pesa ya sili mara nyingi kuliko kwa kuvunjika. Kwa hiyo tumia muda mwingi hapa kuliko kwenye spana, hata kama hapa hapapigwi picha nzuri.

Piga hesabu nao chini ya mti, kwa bei za duka lao. Vipuri vya mwaka (sili, bobini mbili, oringi, bushi), jumlisha fito moja, jumlisha malipo ya fundi wa eneo, jumlisha nauli ya kwenda dukani. Gawa kwa idadi ya kaya. Nenda dukani na mweka hazina mwenyewe, aione sili, aulize bei. Kamati isiyojua duka liko wapi haina mpango wa matengenezo, hata iwe na katiba ya kurasa nane.

Changisheni baada ya mavuno, kuanzia Aprili na Mei, na wakati wa mauzo ya tumbaku. Januari hadi Machi ni miezi ya njaa. Mpango wa mchango sawa kila mwezi huvunjika hapo, na ukivunjika mara moja watu hawarudi.

Sanduku la kufuli hujaza pesa iliyolala. Vijiji vingi vina *banki mkhonde*, vikundi vya kuweka na kukopa kama VICOBA zetu. Pesa ya kisima inaweza kuzunguka humo ikaongezeka, kwa sharti moja lisilovunjwa: bei ya seti nzima ya vipuri ibaki taslimu au kwenye simu wakati wote. Pampu haitasubiri mkopo urudi.

Mweka hazina awe mwanamke anayechota kisima hicho. Yeye ndiye atakayetembea kilomita tatu pampu ikilala.

## Hatua ya 10: Ripoti

Ukurasa mmoja kwa wiki: visima vilivyopimwa, vilivyofunguliwa, vipimo, tatizo moja, ombi moja. Fomu za KoboToolbox (programu ya kukusanya data kwa simu) hujazwa bila intaneti na kutumwa ukifika mjini. Andika na visima ulivyokataa kukarabati, pamoja na sababu. Msimamizi mzuri atavithamini kuliko vilivyopona. Asiyevithamini, mwekee vipimo mezani.

## Hatua ya 11: Makabidhiano

Anza miezi miwili kabla ya kuondoka, si wiki ya mwisho.

Andaa kadi moja kwa kila kisima, kwa Kichewa: kina cha kisima, kina cha maji na mwezi kilipopimwa, idadi ya fito, tarehe ya sili ya mwisho, jina la duka la vipuri, namba ya simu ya fundi wa eneo. Nakala tatu: kamati, ofisi ya maji ya wilaya, shirika. Ya kamati iwekwe kwenye plastiki na ikae kwa mweka hazina, sio kwa mwenyekiti anayesafiri.

Kisha mtihani. Mwambie fundi wa eneo akae pembeni. Wewe kaa chini ya mti na mikono mfukoni. Kamati inunue vipuri kwa pesa yake, ifungue pampu, ihesabu fito, ibadilishe sili na oringi, ifunge, ipime dakika 30. Wakikosea, subiri wakuite. Wakishindwa, rudieni baada ya wiki mbili, na kisima hicho kisiingie kwenye orodha ya waliokabidhiwa hadi wafaulu.

Spana zako mbili za 19 waachie, na uandike kwenye kadi nani amezishika.